Heshima kwa Jalala

Taasisi za umma zinazosifiwa ni nyingi, na nyingine hujisifu zenyewe kwenye mabango ya barabarani. Mimi nasimama kuisifu moja ambayo haijawahi kukatiwa utepe: jalala la mwisho wa mtaa. Halina jiwe la msingi wala kibao chenye jina la mheshimiwa. Lakini niambieni, katika Dar es Salaam nzima, ni ofisi gani nyingine ya umma isiyofungwa usiku, isiyojua sikukuu, na isiyomwambia mtu arudi kesho?

Tuanze na nafasi. Jalala lina nafasi, jambo ambalo shule zetu haziwezi kujivunia. Ada ilipofutwa Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, watoto waliitikia wito kwa wingi ambao matofali yalishindwa kuufuata. Mwongozo unasema darasa moja la msingi liwe na wanafunzi 45, na kuna shule zinazoutii kikamilifu, mradi usiwahesabu waliokaa sakafuni. Waliofaulu darasa la saba nao walionja joto hilo: Januari 2021 makumi ya maelfu walibaki nyumbani wakisubiri chaguo la pili kwa sababu vyumba havikutosha. Baadaye mwaka huohuo ndipo ukaanza ujenzi wa madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19. Yaani ilibidi dunia nzima iugue ndipo mtoto wa Kitanzania apate mahali pa kuweka dawati.

Jalala halina chaguo la pili. Haliulizi cheti cha kuzaliwa wala barua ya mtendaji, na halijui zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Likijaa chini hupanda juu. Likichoka kupanda hutanuka hadi katikati ya barabara. Ndio mradi pekee niujuao uliokamilika kwa nguvu za wananchi bila mtu kupita nyumba kwa nyumba na daftari la michango.

Sasa njooni kwenye urejelezaji. Baraza la madiwani la halmashauri moja, ambayo nitaistahi, liliazimia kwamba taka zitenganishwe tangu nyumbani: zinazooza ndoo hii, zisizooza ndoo ile. Azimio zuri, likapita bila kupingwa, na posho ikasainiwa. Akina mama mtaani wakatii. Maganda ya ndizi yakawekwa kando, chupa kando, kila kitu na adabu yake. Gari la mkandarasi likafika. Kijana aliyesimama juu akapokea ndoo ya kwanza akamwaga, akapokea ya pili akaimwagia palepale, maana gari lina tumbo moja. Kisha ikatolewa risiti ya ada ya taka, na risiti yenyewe ikaenda kwenye ndoo, sikumbuki ipi.

Azimio lile lingekufa kama si jalala kulitekeleza. Nenda asubuhi ukamwangalie muokota makopo akifanya kazi. Ana kiroba begani na kipande cha nondo kilichopindwa ncha, na jicho linalojua kitu kabla ya mkono kukigusa. Chupa ya maji huifungua mfuniko, akamwaga kilichobaki, akaikanyaga kwa kisigino ikanywea, akaitia kirobani. Mfuniko una mfuko wake, kwa kuwa ni plastiki ya aina nyingine na mwenye mzani hakubali kuchanganyiwa. Chupa ya rangi haikai na chupa nyeupe. Bati, nyaya na sufuria zilizotoboka zinasubiri mtu wa vyuma chakavu. Hajahudhuria semina, hajapewa fulana ya kampeni, na hakuna baraza lililompigia makofi.

Na kwa ustahimilivu, nani wa kulishinda jalala? Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na uvundo wa dampo, walilishitaki Jiji Mahakama Kuu wakashinda. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena, hadi Jaji Lugakingira alipogoma mwaka 1991. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Mwaka uleule mamia ya wakazi wa huko wakaenda mahakamani, Jiji likashindwa tena. Safari ikapita Vingunguti na Mtoni, hadi Pugu Kinyamwezi. Mpangaji gani mwingine anafukuzwa kwa amri ya Mahakama Kuu mara mbili, na kila mara halmashauri yenyewe inamtafutia kiwanja?

Nisiwasahau watumishi wake. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza waliwaleta Zanzibar kunguru wa Bara Hindi ili wale taka za mji. Kunguru wakala taka, wakala na vifaranga vya watu, wakavuka kuja Bara. Wametegwa, wametiliwa sumu, na bado kabla jua halijachomoza wako kazini. Huyo ni mkandarasi ambaye hajawahi kuleta ankara.

Hata masijala haina kumbukumbu kama jalala. Rambo za plastiki zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini fukua kidogo tu: ziko pale, zimekunjamana, maandishi ya dukani yanasomeka.

Na masika yakiingia, jalala hufanya ziara. Hushuka na mtaro hadi Mto Msimbazi, hupita Jangwani kuisalimia karakana ya mwendokasi, hufika daraja la Selander na kuingia baharini. Diwani wetu aliahidi wakati wa kampeni kwamba atatembelea kila kaya. Bado tunamsubiri. Jalala limeshafika hadi sebuleni, likatuachia ndala ya mguu wa kushoto. Mwenye ya kulia ajitokeze.