Nyimbo Laini za Watu wa Makelele

Marehemu baba alikuwa mtu wa Msondo Ngoma. Kwake yeye, muziki usio na tarumbeta ulikuwa kelele za mafundi bati. Kwa hiyo siku nilipoleta nyumbani kanda ya Images and Words, albamu ya mwaka 1992 ya bendi ya Marekani iitwayo Dream Theater, nilipiga bismillahi kabla ya kuitia kwenye redio kaseti. Nilitaka asikie wimbo wa pili tu, Another Day. Lakini kanda haina adabu: ukitaka wa pili, ama uizungushe kwa kubahatisha, ama uuvumilie wa kwanza. Na wa kwanza ni Pull Me Under, dakika nane za magitaa yanayosaga kama mashine ya kukoboa mahindi.

Mzee alizivumilia zote nane, gazeti limemfunika uso. Sasa, wimbo ule hauishi kama nyimbo za watu. Unakatika ghafla, kimya. Wenyewe ndivyo walivyoamua. Gazeti likashuka.

"Luku imeisha hiyo."

Akavaa kandambili, akatoka nje kukagua mita. Yuko hukohuko, Another Day ukaanza, taratibu kabisa. Akarudi akiuliza nani kanunua umeme.

Kabla sijajibu, saksafoni ikaingia. Mpulizaji ni Jay Beckenstein wa Spyro Gyra, mtu wa jazi, aliyealikwa kupamba wimbo huo. Mzee akaketi. "Huyu anajua kupuliza," akasema. Nikamweleza kwamba aliyeandika maneno ni mpiga gitaa, John Petrucci, na alikuwa akimfikiria baba yake aliyeugua saratani. Mzee akanyamaza kitambo.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha, nikapitiliza. Tukaangukia mkia wa Pull Me Under, na mita ikakaguliwa mara ya pili.

Tangu hapo nimejipa utaalamu wa nyimbo laini za bendi zenye makelele. Wa Dream Theater haohao, Hollow Years wa mwaka 1997 unafaa jioni ya mvua. The Spirit Carries On wa mwaka 1999 una kwaya, na jirani yangu mlokole aliwahi kuniuliza ni wa kanisa gani. Surrounded sikushauri: unaanza na kinanda cha upole, ukishajiegemeza kwenye kochi, ngoma zinakukuta hapohapo.

Fedheha kubwa, hata hivyo, niliipata kwa utaalamu wangu mwenyewe. Mama mkwe alikuja kutusaidia na mtoto wa miezi minne asiyejua usiku ni nini. Nikamwambia, "Mama, pumzika, huyu niachie." Nikamwekea mtoto Wait for Sleep, wa kwenye ileile Images and Words: kinanda cha Kevin Moore, sauti ya James LaBrie, dakika mbili na nusu. Kabla haujaisha, mtoto kope chini. Nikaiacha simu mezani imeunganishwa na spika, nikaenda kuoga kwa madaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Nilishajipaka sabuni kichwani nilipokumbuka kwamba katika albamu ile, baada ya Wait for Sleep hufuata Learning to Live. Dakika kumi na moja na ushee, mapigo hata ukiyahesabu kwa vidole vya mikono na miguu hayalingani. Nikasikia mlango, nikasikia kandambili za mama mkwe, nikasikia anaisemesha simu: "Wewe, nyamaza!" Simu ina namba ya siri. Spika nayo hakujua inazimwa wapi. Maji ya ndoo yakaniishia na povu bado liko machoni. Nimo humo, LaBrie akapandisha ile sauti yake ya katikati ya wimbo, ile ya juu kabisa.

"Baba, umeanguka?" mama mkwe akagonga mlango wa bafu. "Umeumia wapi?"

Nikatoka na taulo na mapovu, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo kwetu halina hata jina. Mke wangu amesimama ukumbini. Mlinzi wa jirani anamulika tochi dirishani.

Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Sasa ana miaka miwili. Wait for Sleep haumtoshi tena; analala kwa Learning to Live, na lazima ufike mwisho.