Ufunguo Uliobaki Ng'ambo

Wanaosema mtu hutumia hela kwa sababu anahitaji kitu hawajawahi kusubiri pantoni ya Kamanga. Aliyepanga foleni gatini upande wa Mwanza, jua la saa tisa likimchoma utosini, hahitaji chochote duniani ila kuvuka. Hata hivyo kabla honi haijalia atakuwa ameshanunua soksi, karanga, miwani ya jua na chaja ya simu ya aina asiyokuwa nayo. Wachuuzi wa pale wanaijua saikolojia kuliko wahadhiri wote wa chuo kikuu kule Malimbe. Hawakuulizi unataka nini. Wanakuwekea kitu mkononi, wanasogea kwa mteja wa pili, na wakirudi unakuta umeshakizoea. Na pa kukimbilia huna: mbele ziwa, nyuma malori.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alitoka hapo siku moja na jogoo.

"Shem, huyu kuku bei ya bure," akaniambia, akanishikisha.

Nilimtazama yule jogoo. Jogoo wa kienyeji, miguu imefungwa kamba ya katani, vumbi la Sengerema bado liko kwenye manyoya. Alikuwa amevuka asubuhi ile ile kwenda kuuzwa mjini, na sasa anarudi kijijini kwa bei ya mjini, kama mtu aliyesahau kitambulisho nyumbani. Katikati ya ziwa kamba ikalegea. Jogoo akaruka juu ya boneti ya Noah, dereva akapiga honi, jogoo akapaa tena na kutua kwenye trei za mayai za mama mmoja aliyekuwa amejikalia zake. Kwa hiyo shemeji akashuka Kamanga akiwa amenunua kuku na mayai siku moja, na mayai yenyewe hayakuliwa.

Nilipomuuliza kisa cha kununua, akasema: "Nilikuwa nimeshavunja msimbazi." Nikamwelewa mara moja. Noti nyekundu ya elfu kumi ina heshima yake. Unaweza kutembea nayo maduka yote ya Makoroboi usiitoe. Ukishaikatia tiketi ikarudi na kundi la noti ndogo, hiyo si hela tena, ni chenji, na chenji haina mwenyewe. Mwaka 2009 watafiti wawili, Priya Raghubir na Joydeep Srivastava, waliandika jambo hilo hilo: mwenye noti moja kubwa huwa mzito kuitumia kuliko mwenye kiasi kile kile kwa noti ndogo ndogo. Walifanya majaribio hadi China. Wangekuja gatini hapa wangemaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Siku hizi, isitoshe, hata noti ikiisha mchuuzi anakuonyesha lipa namba shingoni mwake.

Wahamasishaji wa uhuru wa kifedha, wale wa kwenye simu wenye suti za kubana, wanatuambia tujenge nidhamu. Mimi nina mashaka na nidhamu. Naiona kila mwisho wa mwezi ikipanda pantoni ikiwa nzima na kushuka ikiwa na soksi. Ninachokiamini ni kufuli.

Kikoba chetu kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti. Mmoja wao ni mimi. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana kijijini ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa huko, na ukasambaa Afrika hadi kwetu. Aliyebuni zile kufuli tatu, nadhani, alikuwa na shemeji.

Ng'ambo ya ziwa, magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya kupeana hela kwa zamu masanduku ya bati yenye kufuli, waweke akiba ya afya, mathalani ya vyandarua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliokaa na ufunguo wao wenyewe waliweka na kununua vitu hivyo zaidi sana. Waliofungiwa kabisa, ufunguo ukikaa kwa mtu wa mradi, hawakufaidika hivyo, maana mgonjwa akitokea hela haifikiki. Sanduku tu, lenye jina la kazi yake, lilitosha kumfanya mtu amwambie ndugu wa kukopa, "Hiyo si ya kugusa." Kikoba chetu kiko katikati: ufunguo upo kijijini, ila si kwako peke yako.

Isipokuwa siku ufunguo usipokuwa kijijini.

Jumamosi moja ya kikao kulikuwa na harusi inakuja, na nusu ya wanachama walitaka mkopo wa sare ya kitenge. Mimi nilikuwa nimevuka asubuhi kufuata bidhaa za duka, ufunguo uko kwenye pochi. Mchana ziwa likachafuka, mawimbi yakapiga mawe, tukaambiwa tusubiri upepo utulie. Simu zikaanza.

"Dada, uko wapi?"

"Gatini."

"Gati la wapi?"

"La huku."

Kimya kirefu. Nikasikia nyuma ya simu mtu anapendekeza aitwe fundi akate kufuli kwa grinda. Mwingine akasema umeme umekatika. Wa tatu akakumbusha kuwa fundi anataka hela, na hela iko ndani ya sanduku. Hapo mwenyekiti akakata simu.

Nilivuka jioni kiza kimeshaingia, na soksi mbili. Kikao kikafanyika Jumapili baada ya ibada. Waombaji wa jana wakaitwa mmoja mmoja. Wa kwanza akasema amekumbuka ana kitenge cha harusi ya mwaka jana, rangi inakaribiana. Wa pili akasema atakaa nyuma, nani ataona. Kufika mwisho wa orodha, aliyebaki na ombi ni mama mwenye mtoto wa kulazwa, akapewa palepale bila mjadala. Usiku mmoja wa kusubiri ulikuwa umemaliza sare zote. Maajabu ya maji haya: hela ikiwa mkononi kusubiri kunaila, ikiwa ndani ya sanduku kusubiri kunailinda. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, wenzetu wa Kigongo na Busisi wanavuka kilomita tatu bila kusubiri chochote, na nina hamu ya kuziona pochi zao.

Nilitegemea kushukuriwa. Mwenyekiti akafungua daftari la kanuni: kuchelewa kikao, faini shilingi 1,000. Nikasema nilizuiwa na ziwa. Akasema kanuni haijataja ziwa. Nikatoa msimbazi, ndiyo pekee niliyokuwa nayo, nikaomba chenji. Akasema hela ya sanduku haichenjiwi, nayo ni kanuni, tena mimi ndiye niliyeipendekeza. Basi akaipokea nzima, akaandika mbele ya jina langu kwamba faini tisa zijazo zimeshalipwa.