Muulize Bibi Mafiga: Nyama Ngumu na Makosa Mengine ya Kipupwe

Masika yamekwisha, ukungu unakaa juu ya Bondwa hadi saa nne asubuhi, na hapa Mzinga hakuna tena anayeniandikia habari za mume wala mkopo. Barua zote zinanukia supu. Tuzisome.

*Shikamoo Bibi. Jumapili nilinunua kilo mbili za nyama ya ng'ombe, nikabandika, nikachochea moto saa nzima hadi mfuniko ukacheza ngoma. Mume wangu alitafuna kipande kimoja tangu taarifa ya habari inaanza mpaka hali ya hewa. Je, mwenye bucha kanitapeli?*
Taya Zimechoka, Mzinga

Marahaba, mwanangu. Mwenye bucha, kwa mara hii, hana kosa. Ng'ombe uliyemla ni zebu mwenye nundu, huenda kalelewa na wafugaji wa upande wa Mvomero au Kilosa, na kila siku ya maisha yake alikwenda malishoni na mtoni kwa miguu. Msuli unaofanya kazi hujaa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha nyama, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo zinavyozidi kukazana. Hata wa zizini usimtegemee sana: ng'ombe wa maziwa haji buchani akiwa kigori, huja akishastaafu.

Sasa wewe mzee wa watu ukamchochea! Moto mkali huibana nyama ikatema maji yake yote, na kolajeni haina habari na kelele zako. Yenyewe huanza kulegea ikifika kama nyuzi 70 za joto, tena polepole, ikageuka ule utelezi unaonatisha midomo. Inataka saa tatu, saa nne. Punguza mkaa, ulionao ufunike kwa majivu, maji yawe yanapumua tu: kiputo hapa, kiputo kule. Ukigusa mfupa kwa kijiko na nyama ikaachia bila ugomvi, ita watu. Magadi yaache kwenye maharage. Nyama ya magadi hulainika, ndiyo, lakini mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni ya kufulia.

*Bibi, mjomba anashuka kutoka Kinole Jumamosi kuzungumzia shamba la ukoo. Nimeagiza sarara kilo tatu, niipike kwa saa nne kama unavyopenda kufundisha. Nimepatia?*
Mpwa Mwenye Hofu, Mzinga

Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito wake, kwa hiyo kutetemeka kwako nakuelewa. Nisichoelewa ni sarara kwa saa nne. Sarara ndiyo sehemu iliyolala mgongoni wakati miguu inahangaika. Haina kolajeni ya maana ya kulainisha. Utamlisha mjomba pamba kavu kwa bei ya juu kuliko zote buchani, kisha ushangae shamba limekwenda kwa binamu yako.

Futa oda. Chukua mkia, shingo, kidari na kongoro moja la kuupa mchuzi uzito. Kongoro libabue motoni hadi manyoya yaishe, likwangue kwa kisu mpaka ngozi iwe njano na safi, ulichanje, litangulie chunguni saa nzima kabla ya wenzake. Nyama nyingine zikaange kwanza kwa mafuta yake, chache chache, zipate rangi. Ukizijaza zote kwa pamoja zitachemka badala ya kukaangika. Viazi viingie nusu saa ya mwisho. Viungo vya paketi usinunue: milima ya Uluguru inatoa mdalasini, karafuu na pilipili manga, na Kinole ndiko kwenyewe. Mpigie simu mjomba, mwombe aje nazo. Mgeni aliyechangia chungu hawezi kukisema vibaya mbele za watu.

*Saa nne, Bibi? Wakati mkaa nanunua kwa kopo?*
Kopo Moja Tu, Mzinga

Umeniweza. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati safi ifikapo mwaka wa mwisho. Mimi na mafiga yangu tunaomba nafasi kwenye ile 20 iliyobaki. Wewe fanya hivi. Tafuta kapu kubwa, tandika nguo kuukuu na blanketi chini na pembeni, kazana mpaka pasibaki upenyo. Chemsha nyama nusu saa kamili, mfuniko umekaza. Epua bila kufunua, itumbukize kapuni ikiwa bado inatokota, weka mto juu, nenda shamba. Ukirudi baada ya saa tano, irudishe motoni ichemke tena sawasawa kabla ya kula, maana nyama vuguvugu ni karamu ya vijidudu. Sufuria iwe imejaa, kwa sababu chakula kidogo hupoa upesi. Na mwenye tabia ya kuonja onja afungiwe nje. Kila akifunua, anakula joto la wenzake.

*Bibi, mimi naishi Nyandira. Nyama niliyoipika kwa dada mjini ikaiva, huku inanigomea, na ni bucha lile lile.*
Baridi Imenizidi

Ni mlima, mwanangu, si uchawi wa wifi. Ukipanda kama mita 300, kiwango cha maji kuchemkia hushuka karibu nyuzi moja. Kwenye mita 1,500 yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, na hata ukichochea msitu mzima hayataongezeka joto. Ongeza saa moja. Au, na hili nalisema kwa wa huko juu peke yao, nunua presha.

*Bibi, nilisikia papai bichi linalainisha nyama. Nikaliponda, nikaloweka usiku kucha, nikapika saa tatu. Sasa sioni nyama, naona uji. Wenzangu wanakuja kula saa moja.*
Mwanafunzi, Mzumbe

Papai ni la nusu saa, tena kwa nyama ya kuchoma. Sikuulizi unapikia wapi, na msimamizi wa hosteli asiniulize mimi. Menya ndizi mshare, zichemshe humo humo, ponda, weka chumvi na kitunguu. Waambie umewapikia mtori.