Taja Ukurasa Ulipo: Majibu kwa Wasomaji wa Litapunga

Barua zilizotufikia safari hii kutoka kata ya Litapunga, wilayani Nsimbo, hazikuhusu mapenzi wala mirathi, mambo ambayo mshauri wenu ameyazoea hata aweza kuyajibu akisinzia, bali zahusu vitabu ambavyo wenye barua wangali wakivisoma, na rai ambazo watu wa nyumbani na majirani hawakuwa na subira ya kuzificha. Mshauri haoni kwamba maoni ni haramu mpaka ukurasa wa mwisho. Sharti lake ni moja tu, kwamba mwenye kutoa rai ataje kwanza ukurasa alipofika, kama shahidi atajavyo mahali aliposimama kabla ya kueleza alichokiona.

*Mheshimiwa Mshauri, wakati wa kukausha tumbaku mimi na jirani yangu hukesha kwenye bani tukichochea moto kwa zamu, nasi tunayo nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale. Yeye huisoma zamu ya kwanza, nami ya pili. Na kila aniamshapo hunieleza ni nani amdhaniaye kuwa muuaji, na kwa hoja zipi. Nimwachie kitabu au nimwachie tumbaku? — Mkesha*

Ndugu Mkesha, usimwachie hata kimoja. Hadithi hiyo ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kupigwa chapa mwaka 1960, ilitungwa ili watu wadhani, na wakosee, na wadhani tena, huku mpelelezi wake, Bwana Msa, akivuta kiko chake bila haraka, kwa hiyo yeye ni mteja wenu kabla ya kuwa mpelelezi wenu. Lakini pambanua baina ya dhana na habari: jirani asiyeujua mwisho atoa dhana, nawe una haki ya kumpinga, aliyekwisha kuuchungulia mwisho atoa habari, na hiyo ni hiana. Badilishaneni zamu kwa juma moja. Ukianza wewe, yeye atakuwa ndiye mwenye kuomba anyamaziwe.

*Mjomba wangu, mtu wa ibada, ameniona na Rosa Mistika akasema ni kitabu kiovu. Mimi ningali mwanzoni na uovu sijauona. Nifanyeje, nami nawapenda wote wawili, mjomba na kitabu? — Mpwa Mtiifu*

Mpwa, tangu mwandishi wake, Kezilahabi, alipokitoa mwaka 1971, kitabu hicho kimehukumiwa na wengi kuliko waliokisoma. Kilipigwa marufuku mashuleni kwa kueleza bila pazia yampatayo binti aliyelelewa kwa ukali wa baba, kisha baadaye kikaruhusiwa, hata kikafundishwa. Usibishane na mkubwa wako. Mwamkie, umpe kiti, umwulize kwa adabu zote: "Mjomba, ni ukurasa upi uliokuudhi?" Asipoweza kuutaja, rai yake ni ya jalada, nawe endelea kusoma kwa amani. Akiutaja papo hapo, pamoja na mstari wake, umekwisha kupata mwenzi wa kuzungumza naye kitabu, na wajibu wako ni kumsitiri kwa mkaza mjomba.

*Mume wangu, mrina asali, kila jioni hunisomea Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na kila chakula kikiandikwa hunilinganisha na huyo Bugonoka. Nimechoka. — Mke wa Mrina*

Bibi, Aniceti Kitereza alikimaliza kitabu hicho kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kisichapishwe hata 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Kitabu kilichongoja miaka 35 kina haki ya kusomwa polepole, ila hakikutungwa kiwe mizani ya mchuzi wako. Mumeo ametoa maoni juu ya mmoja tu wa wahusika wawili. Mwulize na rai yake juu ya Myombekere, ambaye mkewe alipochukuliwa na wazazi alifunga safari hadi kwa wakwe, akatozwa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe. Kisha mwarifu kwamba waweza kwenda kwenu kesho, ili sehemu hiyo naye aisome kwa vitendo.

*Mimi husoma kurasa kumi za kila kitabu, kisha hutoa maoni kamili. Sifa zangu zimefika Mpanda mjini, na sasa nimealikwa kuwahutubia wanafunzi juu ya Kusadikika. Niokoe. — Mwanazuoni wa Kurasa Kumi*

Mwanazuoni, katika kitabu hicho cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, Karama aliyeshtakiwa alipewa siku sita za kueleza habari za wajumbe sita, na wakuu wa Kusadikika, pamoja na jeuri yao yote, walimsikiliza mpaka akamaliza ndipo wakaamua. Waliamua nini sikuambii, maana Mkesha na jirani yake huenda wakakiazima. Kitabu chenyewe ni chembamba; usiku sita wakutosha. Ukishindwa, simama useme, "Nimefika ukurasa wa kumi," kisha waulize wanafunzi yaliyofuata. Wao wana mtihani, watakuwa wamekimaliza, nao watakusifu kwamba u msikilizaji hodari. Katika sifa zako zote, hiyo ndiyo itakayokuwa umeichuma kwa haki.