Aliyefungua Kitabu Hatumwi Dukani

Katika nyumba zetu za Kirumba kuna sheria ambayo Bunge halikuitunga: mtoto aliyefungua kitabu hatumwi dukani. Hatumwi chumvi, hatumwi mkaa, haulizwi nani kamaliza sukari. Kitabu kikishafunguliwa, watu wazima tunapita kwa kunyata, redio inapunguzwa sauti, na wadogo wanafukuziwa uani. Watoto wanaifahamu sheria hii kabla hawajalijua jedwali la kuzidisha. Mpwa wangu, mtoto wa dada aliyekuja kukaa kwangu akiwa Kidato cha Pili, aliitumia kwa ustadi wa wakili. Jioni vyombo vikianza kukusanywa karoni, tayari unasikia kurasa zinafunuliwa.

Sitaki kumsingizia uvivu. Alikaa na kitabu kweli, tena kwa muda mrefu. Shida ni kwamba yeye na kitabu walikuwa wanakaa tu pamoja, kila mmoja na mawazo yake.

Alianza na rangi. Alinunua hailaita ya njano na kuivamia Biolojia, kitabu cha kiada, mali ya shule, chenye mhuri kwenye ukurasa wa kwanza. Siku za mwanzo alipaka neno moja moja. Baadaye akapaka sentensi, kisha aya, na alipofika mwisho wa sura ya usafirishaji wa vitu ndani ya viumbe hai, kilichobaki cheupe kilikuwa namba za kurasa.

"Mbona umepaka zote?"

"Mjomba, zote ni muhimu."

Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa ni kweli, kitabu cha serikali hakiandikwi mambo ya kupuuza. Nikatafuta msaada kwa wenye elimu yao. Mwaka 2013 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, John Dunlosky, na wenzake walichambua mbinu kumi wanazotumia wanafunzi kujisomea. Kupigia mistari na kupaka rangi kulipewa daraja la chini, pamoja na kusoma tena na tena kilekile. Zilizoshika nafasi ya juu ni mbili: kujipima mwenyewe, na kugawa masomo katika siku nyingi badala ya kuyabeba yote usiku mmoja. Nilimsomea mpwa wangu habari hiyo taratibu, kwa sauti ya mzazi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniomba hela ya hailaita ya pinki ili apigie mstari hayo maneno ya wataalamu.

Rangi ilipokwisha, akahamia kwenye sauti. Nyumba yetu iko kati ya Uwanja wa CCM Kirumba na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo kelele si ngeni kwetu. Siku ya mechi hatuhitaji redio kujua goli limeingia, na alfajiri malori ya dagaa ndiyo saa yetu ya kengele. Lakini kelele hii ilikuwa ya aina yake. Kijana alisimama uani, macho kafumba, akaimba: "Osmosisi izi ze muvumenti ofu wota molekyuzi..." Akifika mwisho anaanza upya, bila pumzi, hadi kuku wakaacha kushtuka. Binti yangu wa darasa la pili akaishika yote, akawa anaruka nayo kamba. Nilimuuliza osmosis ni nini. Akanijibu, "Ni wimbo wa kaka."

Nikamkumbuka Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyetoa kitabu chake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885. Bwana huyu alijifanyia majaribio mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri kwa orodha, halafu akapima baada ya muda ni kiasi gani bado kiko kichwani. Aligundua kwamba kusahau huanza kwa kasi kubwa. Haipiti hata siku moja kabla sehemu kubwa haijapotea, kisha kasi hiyo hupungua. Nilimhurumia kwa jambo moja tu: alihangaika kutunga silabi zake. Angefika Kirumba angezikuta tayari. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu anaingia sekondari na kukabidhiwa biolojia, jiografia na fizikia kwa Kiingereza. Miezi ya mwanzo, nusu ya anachokariri ni silabi za Ebbinghaus.

Upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili ulipokaribia, kijana akatoa silaha ya mwisho, ile inayojulikana na kila aliyewahi kulala bwenini: beseni la maji baridi. Unakaa kwenye kiti, unatumbukiza miguu, usingizi unakimbia. Hivyo ndivyo wanavyosimulia. Usiku wa manane nikasikia kishindo cha kitu kizito kimeangukia maji. Nilipotoka na tochi, nilimkuta kijana kalala fofofo, kidevu kifuani, miguu majini, na kati ya miguu yake Biolojia ya Kidato cha Pili imezama hadi mgongo. Yeye hakuamka. Kitabu kilikuwa kinavimba.

Asubuhi mama yangu akakikagua kama anavyokagua mzigo ulioletwa na boti. Mama ni Mkerewe, mfanyabiashara wa kayabo Mwaloni kwa miaka mingi. Anafikiri kwa Kikerewe, anadai madeni kwa Kiswahili, na shule aliishia darasa la nne. "Kikiachwa hivi kitaoza," akasema. Akakifunga kwenye kanga, akaondoka nacho.

Kwa asiyejua, kayabo ni sangara aliyepasuliwa akalazwa bapa, akatiwa chumvi nyingi na kukaushwa juani, na wateja wake wakubwa ni Wakongo. Siku hiyo, juu ya kichanja cha mama, katikati ya mapande ya kayabo, ililazwa Biolojia. Mama aliigeuza kwa zamu pamoja na mzigo wake: anageuza sangara, anafunua ukurasa, anageuza sangara, anafunua ukurasa. Jioni kitabu kilirudi kikavu kabisa, kimekunjamana, njano yote imetapakaa, na kinanuka kiasi kwamba paka wa jirani alikifuata hadi mlangoni. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi mwenzake aliyeomba kukiazima.

Lakini mtu hawezi kufunua kurasa zote hizo juani asione kitu. Baada ya chakula mama akamwita mjukuu wake.

"Mume wangu, njoo. Kuna picha ya kiazi humu, wamekitoboa kitovu wakakiweka kwenye sahani ya maji. Wanakifanyia nini?"

Kijana akanyoosha mkono achukue kitabu. Mama akakisogeza chini ya paja lake, akakikalia.

"Kitabu nimekianika mimi. Wewe nieleze."

"Bibi, hiyo ni osmosis. Osmosisi izi ze muvumenti ofu..."

"Hayo umewaambia Wazungu. Sasa niambie mimi."

Wakati huohuo umeme ukakatika. Kwa kawaida huo ndio wokovu wa mwanafunzi. Kitabu hakionekani na kila mtu anakwenda kulala. Mama hakwenda popote. Tukakaa gizani, kijana anapumua, bibi anasubiri. Alipoona kimya kimezidi, akasogea upande mwingine.

"Nilipokuwa visiwani tulikuwa tunapasua sangara, tunamtia chumvi, tunawapanga mmoja juu ya mwingine. Kesho yake unakuta maji yamejaa chini. Hakuna aliyemwaga maji. Yametoka wapi?"

"Yametoka kwa samaki."

"Kwa nini yatoke? Yalikuwa yanadaiwa?"

Kimya. Kisha, polepole, sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa kijana yule, sauti ya mtu anayefikiri: "Kwa sababu nje kuna chumvi nyingi... na ndani ya samaki chumvi ni kidogo, maji ni mengi. Kwa hiyo maji yanaenda kule kwenye chumvi." Akanyamaza tena. "Bibi! Ndiyo maana kachumbari ya mjomba juzi ilikuwa supu! Aliitia chumvi mapema!"

Nilitaka kuitetea kachumbari yangu, lakini sayansi ilikuwa upande wao.

"Na kile kiazi?" mama akauliza.

"Kwenye lile tundu waliweka chumvi. Maji ya kwenye sahani yanapanda kupitia kiazi, tundu linajaa." Halafu akasita. "Lakini kwa nini chumvi yenyewe isishuke ikafuata maji?"

Hapo mama akainua mikono. Darasa la nne lilikuwa limefika mwisho wake. Umeme uliporudi, kijana akakichomoa kitabu chini ya bibi yake, akapekua bila kujali harufu, akasoma kwa pupa ya mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Alikuwa anatafuta jambo moja tu, na akalipata: ule utando unaopitisha maji kwa urahisi na kuzuia vingine. Maneno hayo alikuwa ameyapaka njano na kuyaimba uani hadi binti yangu akayarukia kamba. Usiku ule ndipo yalipoingia.

Wataalamu wanalielewa jambo hili vizuri. Mwaka 1946 Francis Robinson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alichapisha utaratibu wa kusoma kitabu cha kiada kwa hatua tano: pitia sura juujuu uone vichwa na picha, geuza vichwa hivyo kuwa maswali, soma ukitafuta majibu, funga kitabu ueleze ulichopata, kisha baadaye rudia kujikagua. Mama alianza na picha, akauliza swali, akakifunga kitabu kwa kukikalia. Na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi makala wasome. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaiweka pembeni na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wakaachwa nyuma, mbali.

Hizo dakika tano ndizo zinazowaponza watoto wetu. Ukimaliza kusoma ukurasa kwa mara ya tatu, maneno yote unayafahamu kwa sura, kama watu wa mtaani kwako, na unaamka kitini umeridhika. Kumfahamu mtu kwa sura si kujua jina lake. Mtihani unauliza majina.

Kwa hiyo nyumbani tulirekebisha sheria. Kitabu kilichofunguliwa kinamkinga mtoto na kazi kwa muda. Baada ya hapo lazima kifungwe, na mkuu yeyote aliye karibu ana haki ya kuuliza. Kijana alijaribu kukata rufaa, akashindwa. Akagundua pia kwamba yale mazoezi ya mwisho wa kila sura, ambayo siku zote aliyaruka akisema ni ya mwalimu, ndiyo maswali ya bibi yaliyokwisha kuandikwa, tena bila harufu. Kiingereza nacho kikapata zamu yake. Mtihani haupokei Kiswahili wala Kikerewe, kwa hiyo akishaelewesha watu nyumbani, anakaa na kuandika jambo lilelile kwa Kiingereza chake mwenyewe, sentensi fupifupi, kisha ndipo anafungua kitabu kusahihisha.

Sehemu ya kurudiarudia mama aliichukua bila kuombwa, maana ndiyo kazi yake ya kila siku. Hajawahi kumdai mteja mara moja akanyamaza. Anadai leo, anaacha siku mbili, anadai tena, anaacha wiki, na siku mdaiwa anadhani yamekwisha ndipo simu inaita. Osmosis aliidai hivyohivyo. Kijana yuko bafuni, sabuni usoni, anasikia mlangoni: "Mume wangu, ukimwagia chumvi mgomba, unakaukaje?" Na anajibu, sabuni ikimwingia mdomoni.

Madhara hayakukosekana. Mama alikolea. Akawa anawauliza wachukuzi wa Mwaloni kwa nini dagaa wa masika wanachelewa kukauka, na asiyetoa sababu anabaki na mzigo kichwani hadi afikiri. Mimi nilifumaniwa nikisoma masharti ya mkopo wa kikundi. Akaniambia nifunge karatasi nimweleze riba inavyohesabiwa. Nikakumbuka ghafla kwamba mkaa umekwisha, nikajituma dukani mwenyewe.

Matokeo yalipotoka, Biolojia kijana alipata B. Hesabu tusizizungumze, bibi hakuwahi kuzianika.

Kitabu kilirudishwa stoo ya shule. Mpokeaji alikishika kwa ncha za vidole, akakitazama, akakinusa, akaandika kwenye daftari lake neno moja, "Chakavu," nami nikalipa faini kimyakimya. Mwakani kitapewa mwanafunzi mwingine. Sura ya usafirishaji ataitambua hata taa zikizimika, kwa kuwa ndiyo iliyokaa juani muda mrefu zaidi. Namshauri asome vichwa vya habari, ajiulize, asome, kisha akifunge haraka. Safari hii hata pua itamtaka akifunge.