Kengele ya Omena

Programu ya kwanza ambayo karibu kila mtu huiandikia bodi ya Arduino ni ya kuwasha na kuzima kitaa kimoja. Ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine inabaki baiti 924, na bodi yenyewe ina nafasi ya kilobaiti 32 tu. Lakini ili baiti hizo 924 zifike kwenye bodi, sharti upakue kwanza programu ya megabaiti mia na kitu, nayo ikishafunguka inakuomba ruhusa ya kupakua nyingine. Kwa mtu aliyenunua bando la saa moja, hayo ni mashindano.

Aliyeniingiza kwenye mashindano ni Waya. (Kwetu Waya ni dada yake baba. Ule wa umeme humu nitauita kebo, tusije tukakosana.) Waya anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, pale ufuo wa Dunga, Kisumu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hufika ufuoni alfajiri na kutandazwa juu ya nyavu kuukuu. Jua likikaa, jioni imekauka na inauzwa kwa gorogoro. Mvua ikiikuta, inabadilika rangi, inanuka kupita kawaida yake, na mteja anayebaki ni yule wa chakula cha kuku. Na mvua ya Kisumu haibishi hodi. Asubuhi kweupe, saa tisa wingu linashuka kutoka upande wa Nandi, kidogo tu watu wote wamebanana chini ya kibanda cha samaki.

Binti yake, Atieno, anayesoma Maseno, ndiye aliyesema tutengeneze king'ora cha mvua. Kuna kibao kidogo chenye mistari ya chuma. Kikiwa kikavu, bodi inasoma namba 1023 au karibu yake. Tone likidondoka namba inashuka, king'ora kinalia, Waya anakimbia kukunja nyavu. Mimi niliitwa kwa sababu ndimi mtu wa kompyuta wa ukoo, cheo nilichopewa siku nilipomhamishia mjomba namba zake kwenye simu mpya. Kwenye karatasi, ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Karatasi haina Windows.

Bodi ilitoka Luthuli Avenue, Nairobi, ikaja na basi la usiku ndani ya bahasha. Ilikuwa Nano, ndogo ya kukaa kwenye vidole viwili, ya kuiga. Nikamweleza Waya kwamba Arduino zilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, zikapewa jina la baa moja ya huko, nayo baa imepewa jina la mfalme wa zamani.

"Kwa hivyo hii ni feki?"

"Si feki, Waya. Michoro yake iko wazi. Mwenyewe ameruhusu watu waige."

"Mwenyewe anapata nini?"

Mimi na Atieno tukatazamana.

Tulianza na laptopu yangu, juu ya kreti ya soda, kibandani. Nikachomeka bodi, kitaa chekundu kikawaka, na kompyuta ikanyamaza kimya. Kumbe kebo ilikuwa ya kuchaji simu, ile inayotembezwa mkononi na wachuuzi wa Oginga Odinga Street: ndani ina nyuzi mbili za umeme bila zile mbili za kupitisha data. Kwa nje huwezi kuitofautisha na nzima. Bodi inashiba lakini haisemi. Atieno akatoa nyingine mkobani, tukachomeka, Windows ikalia ile sauti yake ya kutambua kifaa, na Waya akainuka mbio kwenda kukunja nyavu. Jua lilikuwa kali.

Kisha ikaja pembetatu ya manjano. Bodi za bei nafuu huzungumza na kompyuta kupitia chipu ya CH340, ya kampuni moja ya Nanjing, na Windows isipokuwa na draiva yake inaitafuta kwenye intaneti. Intaneti yetu ilikuwa simu ya Atieno, nayo ilishika vizuri ikiwekwa juu ya paa. Draiva ikaingia, bodi ikapewa jina COM3. Nikahamisha kebo kwenye tundu la pili ili kipanya kipate nafasi, bodi ikawa COM7. Chipu hii haina namba yake ya utambulisho, basi Windows inaikumbuka kwa tundu ilikopitia. Ukibadilisha mlango, wewe ni mgeni.

Na bado. Tulipotuma programu, maandishi mekundu yakateremka: bodi haijibu, jaribio la 1 kati ya 10, bodi haijibu, la 2 kati ya 10. Mashine hiyo ina subira ya kuhesabu hadi kumi lakini haina ya kueleza. Dawa imefichwa kwenye menyu: Nano asilia zilibadilishiwa programu yake ndogo ya kupakia mwaka 2018, na nyingi za kuiga zimebaki na ile ya zamani. Unachagua neno "zamani", mambo yanakwenda. Kitaa kikawaka, kikazima, kikawaka.

"Na mvua?" akauliza Waya.

Nikamwambia mvua ni baadaye. Akasema hapana, la muhimu ni hili: mimi nikiondoka, nani atakirekebisha? Akaamua, kwa sauti ya mwenye mali, kwamba kifaa kifanye kazi kwenye mashine ya Atieno, na kwenye ya jirani pia, mpiga picha wa harusi, kwa sababu jirani haendi popote.

Mpiga picha ana Mac mpya yenye matundu ya USB-C peke yake, na bodi yetu nayo ni ya USB-C. Alifurahi, akaleta kebo yake nyeupe. Bodi haikuwaka hata kidogo. Kebo yenye USB-C pande zote haipewi umeme hadi kompyuta ihisi vikinza viwili vidogo upande wa kifaa, na watengenezaji wengi wa bodi za kuiga huviruka kupunguza gharama. Ikabidi itafutwe adapta ya kuturudisha kwenye USB ya zamani, kwa ajili ya kompyuta inayozidi bei ya mtumbwi na nyavu zake. Baada ya hapo likaja kosa jingine: aina mbaya ya prosesa. Jirani akaruka. Harusi ya Jumamosi ilikuwa humo ndani, haijahaririwa. Tukamtuliza kwamba Mac hizi zina prosesa za Apple tangu 2020, ila programu ya kutafsiri msimbo wetu bado ni ya zile za Intel, kwa hivyo inahitaji Rosetta, mkalimani wa kati. Rosetta ikapakuliwa, bodi ikaitika, na jirani akaifunga laptopu yake haraka kama kwamba tungeitia maji.

Sasa Atieno. Atieno ana Ubuntu 22.04, pamoja na majivuno yanayokuja nayo. Kwenye Linux draiva ya CH340 imo ndani ya mfumo, hakuna cha kupakua. Hilo alilisema kwa sauti ili jirani asikie. Akachomeka. Kumbukumbu za mfumo zikaandika kwamba kifaa kimeunganishwa, jina ttyUSB0. Mstari wa pili zikaandika kwamba kimeondoka. Hakuna aliyekigusa. Akachomoa, akachomeka: kimefika, kimeondoka.

Mhusika anaitwa brltty. Ni programu inayohudumia vionyeshi vya Breli, vile ambavyo wasioona huvisoma kwa vidole. Baadhi ya vionyeshi hivyo hutumia chipu hii hii na hujitambulisha kwa namba ile ile, 1a86:7523. Kwa hivyo brltty ilipoiona bodi yetu iliichukua kwa nia njema kabisa, ikitarajia kuiandikia Breli. Tatizo hili la Ubuntu 22.04 linajulikana na wengi, na dawa inayotolewa kila mahali ni kuiondoa brltty.

Waya alisikiliza yote. "Inafikiri hiki ni cha kipofu?"

"Ndiyo, Waya."

"Basi wuod owadwa, mwana wa kaka yangu, hiyo haina kosa. Mnaifukuzia nini?"

Hakuturuhusu hadi Atieno alipoapa kwamba hakuna asiyeona anayeitumia laptopu ile.

Ikaondolewa. Sasa ttyUSB0 ikatulia, na mfumo ukajibu: ruhusa imekataliwa. Ili kuongea na tundu hilo, jina lako liwe limeandikwa kwenye kundi liitwalo dialout, jina lililobaki tangu enzi za kompyuta kupiga simu kwa modemu. Waya ni mweka hazina wa chama cha wanawake wa ufuoni. Siku nzima hakuwa amefurahi hivyo.

"Hili nalielewa. Hajalipa kiingilio!"

Atieno akaandika amri ya kujiandikisha. Bado akakataliwa, kwa sababu uanachama hautambuliki hadi utoke kwenye akaunti kisha uingie tena.

"Ni sawa," akasema Waya. "Hata kwetu mwanachama mpya hutolewa nje kwanza, tumjadili, ndipo aitwe."

King'ora kilifungwa juu ya mti wa kuanikia. Kililia yangeyange alipokinyea. Kililia mtoto alipopita na ndoo. Mvua yenyewe ilipokuja, Waya alikuwa amekunja nyavu zamani. Upepo ulikuwa umegeuka, akasema, na kusubiri tone ni kusubiri kuchelewa, kwani tone la kwanza huanguka juu ya omena, si juu ya kibao peke yake. Jambo hilo hakuna programu kwenye mashine zote tatu iliyokuwa imelitaja.

Lakini hakukitupa. Alikipeleka nyumbani Nyalenda, akakiweka ndani ya beseni chini ya mfereji. Maji huko hurudi saa anazotaka mwenye maji, mara nyingi usiku wa manane, na sasa yakirudi tu king'ora kinamwamsha kabla ya majirani, anajaza mitungi yote. Majirani walichunguza, wakajua. Mama wa nyumba ya pili anataka chake, chenye sauti kubwa zaidi, na kwa kuwa Waya amemfundisha kwamba kila mtu awe na mashine yake ya kukirekebisha, Jumapili alikuja na ya mwanawe, kaifunga kwenye leso.

Ni Chromebook.