Namna ya Kustaafu Ukiwa Bado Wodini

Hatua ya kwanza ya kustaafu ni kuripoti kazini. Muuguzi wa miaka 25 anayeshuka basi mbele ya kituo chake cha kwanza, na begi moja na godoro lililokunjwa, safari ya pensheni ameshaianza. Ni vile tu hakuna aliyemwambia. Basi mwongozo huu ni wako wewe unayesema "bado mapema", maneno ambayo watumishi wengi huyasema mpaka siku wanapokatiwa keki ya kuagwa.

Tuanze na makaratasi. Chuoni ulifundishwa kwamba lisiloandikwa kwenye faili la mgonjwa halikufanyika. Sheria hiyo ihamishie kwako mwenyewe. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupanda daraja, za uhamisho: kila moja toa nakala, ziweke nyumbani, na nyingine umwachie mtu unayemwamini. Usiitegemee masijala peke yake. Halmashauri hugawanywa, mafaili yakahamishwa, mchwa nao wana zamu zao.

Kisha majina. Cheti cha kidato cha nne kina jina la babu, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina la baba, akaunti ya benki ina jina la mume. Wewe unajijua kuwa ni mtu mmoja. Mfuko wa pensheni unaona watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao wa kulipwa. Rekebisha ukiwa na miaka 30, maana kurekebisha ukiwa na 60, mshahara umeshasimama na nauli za kufuatilia zinatoka mfukoni mwako, ni adhabu.

Sasa hesabu, na hapa naomba ukae chini. Mtumishi wa umma Tanzania yuko PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Wewe unakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaweka 15. Hiari ya kustaafu inaanza miaka 55, lazima ni 60, na ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15.

Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 si uchawi. Chukua miezi uliyochangia, zidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka, gawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Sehemu yake huzidishwa kwa 12.5 ukapewa kwa mkupuo, iliyobaki ukalipwa mwezi kwa mwezi. Mwenye miaka 30 kazini na wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi anapata pensheni kamili ya karibu 7,448,000 kwa mwaka. Mkupuo ukiwa asilimia 40, anaondoka na kama milioni 37.2, halafu kama 372,000 kila mwezi. Mkupuo ukiwa asilimia 33, anaondoka na milioni 30.7, na kila mwezi karibu 416,000.

Zitazame tena hizo namba. Waliokuwa PSPF na LAPF walizoea mkupuo wa asilimia 50, ndiyo maana kushushwa hadi 33 kuliuma, na bajeti ya 2024/25 ikawapandisha hadi 40. Shangwe ilikuwa kubwa na nilielewa kwa nini. Lakini kila asilimia inayopanda kwenye mkupuo inashuka kwenye ile ya kila mwezi, na ya kila mwezi ndiyo itakayonunua unga ukiwa na miaka 78.

Kingine kinachowahusu watu wa hospitali kuliko wengi: kikokotoo kinasoma mshahara wa msingi. Posho ya kuitwa kazini hakiioni. Malipo ya saa za ziada hakiyaoni. Ule usiku wa kuzalisha wanne peke yako, umeme umekatika, hakikuusikia. Kwa hiyo anayehangaikia posho na kuacha barua ya kupanda daraja ilale kwa katibu wa afya miaka mitatu anajipunja mara mbili, leo na uzeeni. Daraja lifuatilie kama unavyofuatilia damu ya mgonjwa maabara.

Walio hospitali binafsi wako kwenye mfuko mwingine, NSSF. Jumla ya mchango ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Hatari yenu ni tofauti: hati ya mshahara inaonyesha makato, mfuko hauonyeshi kitu. Mwajiri wa namna hiyo anakula uzee wako taratibu, na anategemea usiangalie. Angalia.

Ukichomwa na sindano, toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri peke yake, na homa ya ini au kifua kikuu ulivyovipata kazini ni jambo lake. Ushujaa wa kunawa mikono na kunyamaza haumlipi mtu fidia.

Siku mkupuo utakapoingia, ndugu wataongezeka. Binamu atakuja na wazo la bodaboda tano, shemeji na mradi wa kuku, na mtu usiyemjua atapiga simu akijifanya ofisa wa mfuko, utume pesa kidogo ili faili lisogezwe. Huyo wa mwisho mkatie simu. Mafao hayalipiwi rushwa wala ada. Mkopo wa kausha damu nao usikupeleke kwenye ustaafu. Sheria ya kubakiza theluthi ya mshahara haimzuii anayekopa pembeni na kuacha kadi yake ya benki rehani.

Bima ya afya, kwa bahati nzuri, ni habari njema. Mwanachama wa mfuko wa bima ya afya, NHIF, akistaafu anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kuchangia tena. Hakikisha tu mwenza aliyeandikwa ndiye uliye naye. Majina ya wategemezi husahaulika hivyo hivyo PSSSF. Ukioa, ukizaa au ukifiwa, yabadilishe.

Ukitoka zamu leo, kabla hujalala, fungua programu ya PSSSF Kiganjani, au uliza NSSF kama uko huko, uone kama mchango wa mwezi uliopita umeingia. Kama haupo, kesho asubuhi uwe wa kwanza mlangoni kwa ofisa utumishi, na barua mkononi.